Sarafu ya kweli, karatasi ya uongo

Oktoba 2020, kampuni ya mnada ya London iitwayo Roma Numismatics iliuza sarafu moja ya dhahabu kwa pauni 3,240,000. Uzito wake haufiki hata gramu 10. Upande mmoja ina kichwa cha Brutus, yule aliyeshiriki kumuua Julius Caesar. Upande wa pili ina majambia mawili, katikati yake kofia waliyovikwa watumwa walioachwa huru, na chini herufi EID MAR, yaani katikati ya Machi, siku ya mauaji yenyewe. Brutus aliitoa mwaka 42 K.K. akiwa safarini na jeshi lake. Za fedha za aina hiyo zipo makumi kadhaa. Za dhahabu zinazojulikana duniani ni tatu tu. Mtu amemuua mtawala, kisha anajisifia mauaji hayo kwenye pesa ya kulipia askari: ndiyo maana wakusanyaji huiota usiku.

Sarafu ilikuwa halisi. Kampuni ya kupima ubora ilishaichunguza na kuipa alama za juu, na alama zile zilikuwa za haki. Kilichoghushiwa ni maelezo ya ilikotoka. Katalogi ilisema imetoka kwenye mkusanyo wa baroni mmoja wa Ulaya. Januari 2023 mmiliki wa kampuni ya mnada alikamatwa New York, Machi mwaka huohuo sarafu ikakabidhiwa serikali ya Ugiriki, nchi ilikoporwa, na Agosti bwana yule akakiri makosa mahakamani.

Kisa hicho kiweke karibu na kingine, cha miaka minane nyuma yake. Januari 2012, katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York, ambako wauzaji wa sarafu za kale walikuwa wamekusanyika kwa maonyesho yao ya kila mwaka, alikamatwa daktari bingwa wa upasuaji wa mikono. Alikuwa mkusanyaji na muuzaji mwenye jina, mtu ambaye wengine walimwendea kuuliza. Alikuwa anauza sarafu za fedha za miji ya Kigiriki ya Sicily, na yeye mwenyewe aliamini zimechimbuliwa miaka michache tu iliyopita, kinyume cha sheria za Italia. Ushahidi ulipopelekwa kwenye hadubini ya elektroni, sarafu zikaonekana ni bandia. Nzuri mno, lakini bandia. Daktari alikiri kosa la kujaribu kumiliki mali ya wizi, na sehemu ya adhabu yake ikawa kuandika makala kuhusu sarafu zisizo na asili inayojulikana.

Kisa cha kwanza kinajulikana kwa sababu ya pesa, lakini cha pili ndicho kinachofundisha. Mtu mwenye jicho lililozoea, aliyeshika mikononi sarafu nyingi kuliko wahifadhi wengi wa makumbusho, alidanganywa na kitu ambacho angepaswa kukishtukia. Nionavyo, alidanganywa na hadithi. Sarafu ya magendo haitegemewi kuwa na karatasi. Ukiambiwa kwa sauti ya chini kwamba imetoka ardhini juzi, ukosefu wa historia unageuka kuwa dalili ya ukweli, na badala ya kutia shaka unaongeza hamu. Mghushi hahitaji zaidi ya hapo. Yeye na mchimbaji wa usiku wanapita mlango mmoja, wote mikono mitupu, na mnunuzi aliyezoea kutouliza hana tena njia ya kuwatofautisha.

Ninachosema ni kwamba kuthibitisha sarafu ya kale ni kujibu maswali mawili: imetengenezwa lini na nani, na imepita wapi hadi kufika hapa. Soko limetumia karne kadhaa kunoa jibu la swali la kwanza, na la pili likaachiwa wanasheria na wanaakiolojia wanaolalamika. Matokeo yake hata jibu la kwanza limedhoofika.

Kazi ya kupima chuma ni ya zamani kuliko wakusanyaji wenyewe. Mwaka 1970 wachimbaji wa akiolojia katika Agora, soko la kale la Athens, walipata jiwe lenye sheria ya mwaka 375/374 K.K., iliyopendekezwa na mtu aitwaye Nikophon. Sheria inamweka mpimaji wa sarafu, mtumwa wa umma, aketi sokoni kati ya meza za wabadilishaji fedha. Mwingine anawekwa Piraeus, bandarini, kwa ajili ya wafanyabiashara. Mtu akileta sarafu yenye bundi, mpimaji aitazame. Ikiwa ndani ina shaba au risasi, aikate palepale, nayo iwe mali takatifu ya Mama wa Miungu. Ikiwa ni ya kigeni lakini fedha yake ni safi, amrudishie mwenyewe. Muuzaji anayekataa sarafu iliyopitishwa na mpimaji ananyang'anywa bidhaa za siku hiyo. Na mpimaji asipoketi mahali pake, au akipima ovyo, viboko hamsini.

(Sisi huku bundi akilia juu ya paa watu huomba dua. Waathene walimpa nafasi kwenye pesa, kwa kuwa alikuwa ndege wa Athena, mungu mlinzi wa mji wao, na pesa hiyo ikapokelewa kutoka Misri hadi Levanti, pwani ya Shamu.)

Mikato ya wapimaji wa kale bado tunaiona. Chukua drakma nne ya Athens ya karne ya 5 K.K.: donge nene la fedha ya migodi ya Laurion, karibu na Athens, uzito wa gramu 17 na pointi, Athena mwenye kofia ya vita upande mmoja, na upande mwingine bundi mwenye macho makubwa, tawi la mzeituni nyuma ya kichwa chake na herufi tatu ΑΘΕ. Nyingi zina kovu refu la patasi, wakati mwingine limepita kwenye shavu la mungu mwenyewe. Mnunuzi wa leo huona kovu na kudai punguzo. Mimi ningelipia zaidi, maana kovu lile ni ripoti ya maabara: mtu fulani, zamani, alitaka kuona ndani na akaona fedha hadi katikati.

Siku hizi hatukati. Tunaanza na mizani, kwa kuwa aliyeghushi mara nyingi huujali uso na kuusahau uzito. Kisha ukingo. Sarafu ya kweli ya Kigiriki au ya Kirumi, karibu zote, imegongwa: kipande cha chuma kiliwekwa kati ya mihuri miwili iliyochongwa kinyume, kikapigwa nyundo. Pigo lile husukuma chuma kuelekea nje kama donge la chapati chini ya mpini, na ukiinamisha sarafu kwenye mwanga unaona mistari hafifu ikikimbilia ukingoni, na nyufa ndogo pale chuma kilipozidiwa. Iliyosubiwa kwenye kalibu haina mistari hiyo. Ina viputo vidogo, herufi zake zina miguu ya mviringo badala ya kona, na ukingoni mara nyingi pana mshono, au alama ya tupa pale mtu alipojaribu kuuficha mshono.

Hizo ndizo bandia za mtalii, na anayezinunua kwa bei ya soko la wazi kajitakia. Zenye hatari ni zilizogongwa. Mghushi huchukua sarafu ya kweli, anatoa kwayo muhuri mpya, kisha anagonga kwenye fedha ya kale aliyoiyeyusha kutoka sarafu zilizochakaa. Uzito sahihi, chuma sahihi, mistari ipo. Anachoshindwa kukiondoa ni kumbukumbu ya ile sarafu mama. Kama ilikuwa na mkwaruzo juu ya jicho, watoto wote watakuwa na mkwaruzo juu ya jicho. Kama ilikosea katikati ya muhuri na kupoteza herufi moja, wote watapoteza herufi ileile. Sarafu mbili za kweli zinaweza kutoka muhuri mmoja, lakini haziwezi kupata jeraha moja sokoni. Kwa hiyo bandia ya namna hii haikamatwi na anayeitazama peke yake. Inakamatwa na mwenye picha za nyingine elfu, anayeweza kusema: hili jeraha nimeshaliona.

Historia ya mghushi maarufu kuliko wote inathibitisha hilo. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri kwa mkono, mamia yake, ya Kigiriki na ya Kirumi, kwa ufundi ambao wachongaji wa kale wenyewe wangemwonea wivu. Alipenda kugonga juu ya sarafu za kale zisizo na thamani, ili chuma kisimsaliti. Inasimuliwa kwamba alizitia kazi zake ndani ya kisanduku chenye vumbi la chuma na mafuta, akakifunga chini ya gari lake la farasi, akazunguka nazo barabarani mpaka ule ung'avu wa upya uishe. Yeye aliita kuwapeleka mabwana wake wazee matembezi. Makumbusho makubwa ya Ulaya yalinunua. Leo Becker hamsumbui sana mtu, kwa sababu mihuri yake ilibaki, ipo Berlin, na kazi zake zimeorodheshwa na kuchapishwa. Ukipata sarafu unayoishuku, unalinganisha na orodha. Kumbukumbu zilizoandikwa ndizo zilizommaliza.

Watu hupenda kuamini kwamba mashine itatuokoa. Wauzaji wengi sasa wana kifaa cha mionzi ya eksrei kinachotaja asilimia ya fedha kwa sekunde chache. Ni kizuri, lakini kinasoma ngozi tu. Kevin Butcher na Matthew Ponting, waliotumia miaka mingi kuchunguza fedha ya Kirumi, walitoboa sarafu ukingoni na kuchukua chembe za ndani, wakaonyesha kwamba dinari nyingi ngozi yake ni tajiri kuliko moyo wake. Shaba ya juu ilikuwa imeondolewa kiwandani au kuliwa na ardhi, fedha ikabaki. Vipimo vya juu juu vya miaka ya nyuma vilikuwa vimewasitiri makaisari waliochakachua. Nero alipopunguza fedha ndani ya dinari mwaka 64 B.K., uso wa pesa yake uliendelea kung'aa, na nadhani hilo ndilo lililokuwa lengo.

Halafu kuna habari ya Sponsian. Mwaka 1713 zilipatikana Transylvania sarafu kadhaa za dhahabu za ajabu, na baadhi yake zikaonyesha mtawala aitwaye Sponsian ambaye hatajwi mahali pengine popote. Katika karne ya 19 Henry Cohen alizitupilia mbali kuwa bandia, na kwa muda mrefu hakuna aliyebisha. Novemba 2022 kundi la watafiti likiongozwa na Paul Pearson wa University College London lilichapisha uchunguzi wa zile zilizopo katika makumbusho ya Hunterian, Glasgow: mikwaruzo ya matumizi, na madini ya udongo yaliyogandamana juu yake, dalili ya kuzikwa muda mrefu. Magazeti ya dunia yakatangaza kuwa kaisari aliyepotea amepatikana. Wataalamu wengi wa sarafu hawakushawishika. Walisema sarafu zile zimesubiwa badala ya kugongwa, maandishi yake yamevurugika, na picha zake zinachanganya vitu vya karne tofauti. Mimi niko upande wa wenye shaka. Hadubini imeniambia sarafu ilikwaruzika na ikakaa udongoni. Haijaniambia nani aliizika, wala kwa nini mtengenezaji hakujua hata kuandika cheo cha kaisari wake.

Kuandika cheo hicho ni jambo ambalo Warumi hawakulifanyia mzaha, na hapo ndipo raha ya kutambua sarafu ilipo. Tuchukue dinari moja ya kawaida ya Trajan, ya aina ambayo hata mwalimu wa sekondari anaweza kuimudu akijinyima kidogo. Kuzunguka kichwa imeandikwa IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Nyuma: COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC, na katikati mateka wa Kidaki, mtu wa kaskazini ya mto Danube, ameketi kwa huzuni penye silaha. Kwanza angalia umbo la jina: TRAIANO, maana yake ni kwa Trajan. Maneno ya nyuma yanakamilisha sentensi: Baraza na watu wa Roma, kwa mtawala aliye bora. Yaani kaisari anatoa pesa yeye mwenyewe, kisha anaweka kinywani mwa raia shukrani za kumpongeza. Tumeona mabango ya namna hiyo.

Kisha tafuta mwaka. DAC ni Dacicus, mshindi wa Wadaki, sifa aliyoipata mwishoni mwa mwaka 102. COS V ni konsuli kwa mara ya 5, mwaka 103. Ukonsuli wa 6 aliuchukua mwaka 112. Kwa hiyo sarafu hii imegongwa kati ya 103 na 111, na hukuhitaji zaidi ya kusoma. Kwa kutafuta namba yake kamili ipo OCRE, hazina ya mtandaoni ya American Numismatic Society, bure kwa yeyote mwenye simu. Unaandika maneno uliyoyasoma, inakuletea picha za nakala zilizo kwenye makumbusho. Kijana wa Mwanza na profesa wa Oxford wanatazama ukurasa mmoja.

Dinari hiyo imekwambia mtawala, vita, miaka, hata unafiki wa siasa. Isichoweza kukwambia ni kama ilizikwa na askari kando ya Danube, au ilidondoka mfukoni mwa mfanyabiashara Aleksandria, au ilitolewa sadaka kwenye chemchemi Uingereza. Hilo lilikuwa limeandikwa ardhini, na mwenye koleo ama amelisoma ama amelifuta.

Mwaka 2010 mtu mmoja mwenye kifaa cha kutafuta metali alikuta chungu kwenye shamba karibu na Frome, Somerset. Alipoona sarafu zimejaa, akaacha kuchimba na kuwaita wanaakiolojia. Walizitoa tabaka kwa tabaka: sarafu za Kirumi 52,503, kilo 160 hivi. Kwa sababu waliweka kumbukumbu ya kila tabaka, waligundua kuwa nyingi za mwisho kabisa, za Carausius aliyejitangaza kaisari Uingereza, hazikuwa juu bali chini ya nusu ya chungu. Mtu anayeweka akiba kidogo kidogo angeziweka juu. Inaelekea zilimiminwa zote kwa mara moja, na chungu chenyewe ni dhaifu kiasi kwamba kisingeweza kubebwa kikiwa kimejaa. Pengine haikuwa akiba hata kidogo, bali sadaka. Makumbusho ya Somerset yakalipa pauni 320,250 kwa utaratibu wa kisheria. Kama mwenye kifaa angezijaza kwenye magunia usiku, tungebaki na sarafu zilezile 52,503, nyingi zikiwa za thamani ya nauli ya daladala, na bila habari yoyote.

Pwani yetu ina mfano wake, na unauma zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kapteni Haywood alidai kupata lundo la sarafu Bur Gao, ile Port Durnford ya ramani za Waingereza, kusini mwa Kismayu. Katika miaka ya 1930 Harold Mattingly wa British Museum alichapisha orodha yake. Zimo za akina Ptolemy wa Misri, zimo za makaisari wa Roma tangu Nero hadi karne ya 4. Mtu anayejua kwamba mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 B.K. aliitaja Azania, yaani pwani yetu hii, na soko lake la Rhapta, ambalo wenzetu wanalitafuta mpaka leo, angeruka kwa furaha. Lakini katika lundo hilohilo zimo pia sarafu za Misri ya Wamamluki na za Waosmani. Hakuna chungu kilichozikwa zama za Warumi kingeweza kuwa na pesa ya sultani wa zama za kati. Ama vitu vya nyakati mbalimbali vilichanganywa baada ya kuokotwa, ama mtu alibeba mkusanyo wake kutoka Misri ukaishia hapo. Kila sarafu ndani yake ni halisi. Anayeishuku ni nadra. Ila kwa historia ya Azania hazifai kitu, kwa sababu hakuna mchoro wa shimo, hakuna tabaka, hakuna shahidi. Sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliyopatikana Great Zimbabwe inatusaidia kuliko mkebe mzima wa Bur Gao.

Najua wakusanyaji watakavyojibu, na sehemu ya jibu lao ni kweli. Sarafu ni kitu kilichotengenezwa kwa maelfu, kikapita mikononi mwa watu miaka yote hii; shaba ndogo ya Constantine iliyouzwa mara 20 kwa bei ya chai haikuwahi kuwa na karatasi, na kuidai karatasi ni kichekesho. Ni kweli pia kwamba elimu yote hii ya mihuri ilijengwa na wakusanyaji na katalogi za minada, na kwamba makumbusho mengi yalianza kama makabati ya watu binafsi. Mwalimu wa sekondari na dinari yake ya Trajan sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na sarafu ya mamilioni inayopewa asili ya mstari mmoja. Ukisoma katalogi za miaka iliyopita utakuta maneno kama mkusanyo wa bwana wa Ulaya, au urithi wa familia, bila jina wala mwaka. Lugha ile inakubalika kwa sababu pande zote mbili zinaitaka: muuzaji hataki kusema na mnunuzi hataki kujua. Biashara haigombi, wahenga walisema, na hapa kweli hakuna anayegombana. Miaka ya karibuni bundi wa Athens wamemwagika sokoni kwa wingi usio wa kawaida, wote wakiwa na sura ya kutoka sehemu moja, bei yao ikashuka. Yeyote mwenye akili anajua kuna shimo kubwa mahali fulani. Katalogi hazilitaji.

Hata hadithi tamu ni aina ya asili isiyothibitishwa. Mahujaji wetu wanaokwenda Yerusalemu huonyeshwa madukani dinari ya Tiberius, mwanamke ameketi nyuma, maandishi PONTIF MAXIM, na huambiwa hii ndiyo sarafu Yesu aliyoletewa alipoulizwa kuhusu kodi. Ni dinari ya kawaida sana ya zama zake, na Injili inataja tu sanamu na jina la Kaisari. Pamoja na cheti chenye muhuri mwekundu, bei yake hupanda. Cheti kile kinathibitisha nini? Mara nyingi kinathibitisha duka lilelile lililokiandika.

Baada ya kesi ya ile sarafu ya Brutus upepo umegeuka kidogo. Minada mingi sasa hutaja mauzo ya awali kwa tarehe, na sarafu inayoweza kuonyeshwa kuwa ilikuwa kwenye mkusanyo kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO kuhusu mali ya utamaduni, hupata bei ya juu kuliko dada yake asiye na ushahidi. Maana yake ni kwamba karatasi imekuwa na thamani ya kughushiwa, na mghushi ataacha patasi achukue kalamu. Nadhani hilo lina afadhali, kwa sababu karatasi inapimika kwa namna ambayo chuma hakipimiki tena. Katalogi ya mwaka 1925 ina picha. Sarafu za kale, kwa kuwa zilipigwa kwa mkono, kila moja ina umbo la ukingo wake ambalo halirudiwi, na programu za kompyuta tayari zinalinganisha maelfu ya kurasa za zamani na sarafu zinazouzwa leo. Barua ya baroni nayo ina tarehe, ina anwani, ina warithi wanaoweza kupigiwa simu.

Kwa hiyo mtu anayenunua sarafu ya zaidi ya mshahara wake wa mwezi amuulize muuzaji mambo matatu kwa maandishi: aliinunua kwa nani, mwaka gani, na picha yake ya zamani kuliko zote iko wapi. Akijibiwa kwamba mwenye mali anapenda faragha, amrudishie sarafu, hata kama ukingo ni safi na uzito umekaa sawasawa.